Siku babu alipoenda na wajukuu kutazama ndege za kivita

Ugomvi wa kwanza wa siku hiyo ulikuwa wa koti.

Kijana wa miaka 11 alitokea sebuleni Jumamosi asubuhi akiwa amevaa koti lenye madoadoa ya kijani na hudhurungi, mtumba alionunuliwa na mjomba wake Gikomba. Alikuwa amelihifadhi kwa ajili ya siku hiyo. Familia yake ilikuwa inaelekea Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, ambako mwishoni mwa Mei 2022 Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) liliwaalika wananchi kutazama ndege.

"Hilo livue," mama yake akamwambia.

"Lakini Mama, leo si ni siku ya jeshi?"

"Ndiyo sababu unalivua," baba akaingilia. "Sheria hairuhusu raia kuvaa sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo. Unataka tushinde langoni tukijieleza kwa askari?"

Koti likabaki nyumbani. Wazazi wengi hunaswa na jambo hili bila kujua, kwani nguo za watoto zenye madoadoa hayo zimejaa sokoni. Afadhali kununa kwa sebuleni kuliko aibu ya langoni.

Jambo la pili lilimshangaza kila mtu. Babu ya watoto hao, aliyekuwa amekuja kutoka Murang'a kwa ajili ya kliniki ya macho, alivaa kofia yake, akachukua bakora na kusema kwamba naye anaenda.

Mama wa watoto alimtazama babake kwa mashaka. Tangu utotoni alijua kwamba kila sikukuu ya Jamhuri, ndege za jeshi zinapoonyeshwa kwenye runinga zikipita juu ya uwanja, mzee huinuka na kutoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Hakuwahi kueleza sababu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Baba, kutakuwa na kelele nyingi huko," alimwambia.

"Kelele ya ndege naijua, mwanangu. Twendeni."

Maandalizi ya jioni

Siku ya matembezi kama haya hutengenezwa jioni iliyotangulia. Mama alikuwa ameshafunga chapati na mayai ya kuchemsha, akajaza maji kwenye chupa na kuweka kofia, sweta na karatasi za chooni ndani ya mkoba. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na si mbali na ikweta. Hata siku ya mawingu, jua lake ni kali kwa mtoto anayeshinda ameinua uso juu.

Kila mtoto aliandikwa nambari ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu ya wino. Mtoto aliyepotea katika umati husahau hata jina la pili la babake, na simu ya mzazi anayepiga picha tangu asubuhi huzimika saa nane mchana. Ndiyo maana baba aliwakataza wote kuchezea simu ndani ya matatu.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ya masikio. Baba hufanya kazi katika karakana ya kuchomelea vyuma Eneo la Viwandani, na anajua vyema mafundi waliozeeka wakiitwa mara tatu kabla hawajaitika. Aliomba kazini vifuniko vitatu vya masikio, vile vinavyovaliwa na wanaosaga vyuma. Viwili vilikuwa vya watoto na kimoja cha mama. Yeye angetumia vidole. Babu hakuwa kwenye hesabu.

Wazazi wengi hubeba mwavuli wakasahau masikio. Kipimo kinachotumiwa sana kulinda wafanyakazi ni kelele ya desibeli 85 kwa muda usiozidi saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Kelele ikifika desibeli 100, muda salama ni dakika 15 pekee. Ndege ya kivita ikipita chini inaweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi, na sikio la mtoto linafaa kulindwa zaidi kuliko la mtu mzima. Pamba haisaidii sana. Vizibo vya sponji vinavyouzwa madukani husaidia mtu mzima, lakini mara nyingi havikai kwenye tundu dogo la sikio la mtoto. Kifuniko kinachozunguka sikio zima ndicho bora, na ni vizuri mtoto akizoee nyumbani, kwa sababu akikivaa kwa mara ya kwanza uwanjani atakivua baada ya dakika tano.

Chini ya njiwa

Walishuka kwenye matatu mapema na kutembea sehemu iliyobaki pamoja na familia nyingine nyingi. Wengine walikuwa wamebeba watoto mabegani, na wachuuzi wa njugu na bendera ndogo walikuwa wamejipanga kando ya barabara.

Kabla ya kutazama ndege yoyote, babu alimshika mjukuu wake wa kike, mwenye miaka saba, akamwonyesha mnara mrefu wa ukumbusho ulioko katika bustani hiyo. Una urefu wa mita 24. Juu yake kuna mikono iliyoshikana na njiwa wa amani.

"Ukitupotea, tafuta yule njiwa," alimwambia. "Simama hapo chini, usitoke. Sisi ndio tutakuja."

Alimweleza pia kwa ufupi walipokuwa wamesimama. Ni katika bustani hiyo ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, ile ya Mwingereza ikashushwa. Mti wa mugumo ulipandwa mahali hapo kuwa ukumbusho. Na miaka michache kabla ya hapo, wakati wa hali ya hatari, eneo hilo lilikuwa kambi ambamo serikali ya kikoloni iliwafungia waliokamatwa jijini katika msako wa Aprili 1954.

"Kwa hivyo hapa palikuwa jela?" msichana akauliza.

"Palikuwa kambi. Sasa ni petu."

Mahali pa kukutana panafaa kuchaguliwa namna hiyo: paonekane kutoka mbali, pasihame, na pawe na jambo ambalo mtoto atalikumbuka. "Tukutane penye gari la soda" haisaidii, kwa sababu gari la soda huondoka.

Kwa nini mkia una panga dogo

Helikopta iliyokuwa imetua ilizungukwa na kamba, na foleni ya watoto ilikuwa ndefu. Ilikuwa ile ndogo ya aina ya MD, yenye umbo kama la yai. Wakenya wa rika la wazazi wanaifahamu, kwa kuwa jeshi limetumia helikopta za jamii hiyo tangu miaka ya 1980, na mwanzoni mwa 2020 lilipokea nyingine sita mpya za MD 530F kutoka Marekani.

Kijana, ambaye bado alikuwa amenuna kwa sababu ya koti, alipofika mbele alisahau kununa. Alimuuliza mwanajeshi aliyekuwa zamu kwa nini helikopta ina panga dogo mkiani ilhali kubwa la juu ndilo linaloinua.

"Swali zuri, kijana," afande akajibu. Alimsimamisha baba wa watoto kwenye nyasi na kumwambia azungushe mikono yake yote kwa nguvu upande wa kulia. Kiuno cha baba kikaenda kushoto. Watu wakacheka.

"Umeona? Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili. Bila hilo dogo la mkiani kuusukuma na kuuzuia, rubani angezunguka kama pia hadi aanguke."

Kijana aliandika jibu hilo katika daftari lake. Mama alimuuliza afande swali lake pia: je, wasichana nao huendesha? Afande akasema jeshini wako marubani wanawake, na pia mafundi wanawake wanaofungua injini na kuzifunga. Msichana alisikia, lakini wakati huo alikuwa akimtazama mende aliyekuwa akipanda gurudumu la gari la jeshi. Mtoto wa miaka saba huchagua mwenyewe cha kukumbuka.

Juu angani zilipita ndege za mizigo, zito na za polepole, ambazo hubeba askari, dawa na chakula. Kisha askari wa miavuli waliruka, wakaelea kama mbegu za pamba. Baba alieleza kwamba helikopta za jeshi hutumwa pia wakati wa mafuriko kuwachukua watu waliozingirwa na maji, na hutumwa kuzima moto milimani. Babu aliitikia kwa kichwa. Aliketi juu ya nyasi, bakora magotini, akila yai.

Ndege iliyokuja kimya

Mtangazaji alisema kwamba ndege za F-5 ziko njiani.

Hizi ndizo watoto wengi walikuwa wamezisubiri. F-5 ilitengenezwa na kampuni ya Northrop ya Marekani. Kenya ilipata za kwanza mwaka 1978, na makao yake ni kambi ya wanahewa ya Laikipia, Nanyuki. Kutoka Nanyuki hadi Nairobi matatu huchukua zaidi ya saa tatu. Ndege ya aina hiyo, ikienda kilomita 900 kwa saa, huchukua dakika kama kumi.

Joto lilikuwa limepanda na msichana alikuwa amevua vifuniko vyake vya masikio ili amsikie mtangazaji. Kila mtu alikuwa akitazama upande ambao umati ulikuwa ukielekeza vidole. Babu pekee ndiye aliyekuwa akitazama upande mwingine, na ndiye aliyeiona kwanza: kitu chembamba juu ya miti, kikikua, bila sauti yoyote.

Aliacha bakora, akamvuta mjukuu wake na kuyabana masikio yake kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu sana hivi kwamba hereni ndogo ya msichana ilimkata.

Ndipo mngurumo ukafika. Ulitikisa kifua na nyasi, na mtoto wa familia ya jirani akaanza kulia. Ndege ilikuwa tayari imeshapita.

Watu wengi hushangaa kwa nini ndege ya kivita huja kimya. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa husafiri mita 250 kwa sekunde, yaani inaifuata sauti yake kwa karibu sana. Isitoshe, mngurumo mwingi wa injini ya jeti hutoka upande wa nyuma. Aliyeko mbele yake husikia kidogo sana mpaka inapokuwa juu ya kichwa chake. Kwa hivyo mzazi asisubiri kusikia ndipo afunike masikio ya mtoto. Afunike akiona, na ikiwezekana, afunike mtangazaji anaposema.

Msichana alikuwa akilia, si kwa sababu ya ndege bali kwa sababu ya sikio.

"Pole, mama," babu alimwambia. "Pole sana. Nimekuumiza." Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na binti yake aliiona.

Swali la chini ya mabawa

Ndege zilipita mara ya pili, na ya tatu, safari hii watoto wakiwa wamefunika masikio vizuri. Baba alirekodi kwa simu. Kijana alipiga kelele za furaha hadi sauti ikamkauka. Kisha anga ikatulia, chapati zikatolewa, na msichana akauliza swali ambalo katika siku kama hizi huja tu, kama halikuja asubuhi litakuja jioni.

"Baba, zile ndege hubeba nini chini ya mabawa?"

"Mafuta," baba akajibu. Na ni kweli, kwani ndege hizo hubeba matangi ya ziada ya mafuta.

"Na mabomu?"

"Aa, hizi ni za maonyesho tu. Kula chapati yako."

"Usimwambie hivyo," babu akasema.

Kimya kiliingia. Baba wa watoto humheshimu mkwe wake na hajawahi kujibizana naye. Lakini hawa ni watoto wake, na siku ilikuwa nzuri, na hakutaka iharibike.

"Mzee, ana miaka saba," alisema taratibu.

"Najua ana miaka mingapi. Ameuliza. Ukimwambia hazibebi, siku atakayojua zinabeba, atajua pia kwamba ulimdanganya ukimtazama machoni."

Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Wanawapeleka watoto kutazama mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya vita, wanapiga picha, wananunua bendera, kisha mtoto akiuliza mashine hiyo hufanya nini, wanamwambia ale. Si ubaya wa moyo. Mzazi anataka kumlinda mtoto dhidi ya jambo zito. Lakini mtoto aliyeuliza ameshaanza kulibeba jambo hilo, na akinyimwa jibu atalibeba peke yake.

Babu alimgeukia msichana.

"Ndiyo, hubeba mabomu. Si leo. Leo zimekuja kuonyesha tu, hapo baba yako amesema kweli. Lakini zikitumwa vitani, hubeba."

"Huua watu?"

"Bomu huua watu. Ndiyo."

"Wabaya?"

Mzee alifikiri kabla ya kujibu. "Hutumwa kwa maadui. Mwaka 2011 zilitumwa Somalia kupigana na Al-Shabaab. Lakini bomu halina macho, mama. Vita vikianza, hata wasiopigana huumia."

Kijana, aliyekuwa akisikiliza akiwa amelala kifudifudi, aliuliza nani husema ziende. Swali hilo lilimrudishia baba nafasi yake, naye akalichukua vizuri. Alieleza kwamba rubani hajiamulii. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 241, inasema kazi ya jeshi ni kulinda nchi na mipaka yake na kusaidia wakati wa majanga. Likitakiwa kutuliza ghasia ndani ya nchi, ni lazima Bunge la Taifa liidhinishe.

"Kwa nini waliandika hivyo?" kijana akauliza.

Baba hakuwa na jibu. Alimtazama mkwe wake.

Jumapili ya Agosti

"Kwa sababu tulishaona," babu akasema.

Mwaka 1982 alikuwa kijana wa miaka 28, akiishi na mkewe katika chumba kimoja cha kupanga Mathare, karibu na kambi ya wanahewa ya Eastleigh. Walikuwa na mtoto mmoja wa miezi mitano. Mtoto huyo sasa alikuwa ameketi mbele yake, kipande cha chapati mkononi, akisikia habari hizi kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, waliamshwa na milio ya risasi. Wanajeshi wa vyeo vya chini katika kikosi cha wanahewa walikuwa wameasi ili kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Waliteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imeanguka. Kufikia jioni, jeshi la nchi kavu lilikuwa limewazima, lakini watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa, wengi wao raia.

"Tulilala chini ya kitanda, mimi na nyanya yenu, mama yenu katikati," aliwaambia wajukuu. "Risasi unaweza kuzizoea. Kisha ndege ikapita juu ya mabati. Sikuisikia ikija. Mama yenu alilia mpaka akaishiwa pumzi, nikayafunika masikio yake hivi." Akaonyesha kwa viganja. Binti yake aliutazama mkono wa babake, kisha sikio la mwanawe lenye mkwaruzo.

"Marubani walikuwa wabaya?" kijana akauliza.

"La. Sikiliza hii, ndiyo inayonifanya niweze kuzitazama leo." Na babu akawasimulia kisa ambacho Wakenya wa umri wake wanakijua. Kule Nanyuki, waasi waliwashikia marubani bunduki na kuwaamuru waruke na ndege zenye mabomu hadi Nairobi, wakashambulie. Mwasi mwenye silaha alikaa kiti cha nyuma cha ndege mojawapo ili kuhakikisha amri inafuatwa. Marubani waliruka. Wakiwa angani walizipindua na kuzizungusha ndege hadi aliyekuwa nyuma akachanganyikiwa, kisha wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Jiji halikupigwa.

Baada ya hapo kikosi cha wanahewa kilivunjwa na kuundwa upya, na jina lake la zamani halikurudishwa hadi mwaka 1994.

"Walikuwa na bunduki kisogoni," babu alimwambia mjukuu wake wa kiume. "Wewe ukitaka kuwa rubani, jifunze kuruka. Lakini jifunze na hilo."

Ukweli kwa kipimo

Mzee huyo alifanya jambo ambalo halifundishwi katika kitabu chochote cha malezi. Alisema ukweli, na alijua mahali pa kuachia.

Kwa mtoto wa umri wa msichana huyo, jibu fupi lililo kweli linatosha: ndege hii inaweza kuumiza watu, leo haitaumiza mtu, na sisi tuko hapa nawe. Akitaka zaidi atauliza zaidi. Mtoto wa miaka kumi na kuendelea ana maswali ya haki na lawama, kama yale ya kaka yake, na anaweza kuelezwa habari za sheria, za historia na za watu walioamua vyema wakati mgumu. Maelezo ya miili na damu hayamhitaji yeyote kati yao.

Na mtoto anayesisimka kwa mngurumo wa injini hajawa mpenda vita. Anapenda nguvu, kasi na ustadi, kama anavyopenda tingatinga na gari la moshi. Hakuna haja ya kumwonea haya wala kumzimia furaha. Kinachotakiwa ni mtu mzima aliye karibu, aliye tayari kujibu.

Picha nazo zina adabu yake. Baba alikuwa amewapiga watoto wake picha nyingi, na nyuma yao kulikuwa na watoto wa watu wengine. Ndani ya matatu wakirudi, kabla ya kutuma chochote katika kundi la familia, alizipitia moja moja na kufuta zile zilizoonyesha nambari ya simu iliyoandikwa mkononi mwa binti yake. Ni jambo dogo ambalo huwaponyoka wengi.

Jioni hiyo, watoto wakiwa wameoga, babu na binti yake walibaki jikoni. Yeye aliosha vyombo, mzee akapanguza. Katika nyumba ya Murang'a kuna picha ukutani ya kijana mwenye suruali pana miguuni, mdogo wake babu. Watoto wa nyumba hiyo walikua wakiambiwa kwamba alifia mjini, basi.

"Baba," binti alisema bila kugeuka, "yule wa kwenye picha. Ni Jumapili hiyo?"

Mzee alipanguza sahani ileile kwa muda mrefu. Kisha akasema. Ndugu yake alikuwa na miaka 19 na aliishi nao katika chumba kile. Adhuhuri risasi zilinyamaza kidogo, na mtoto alikuwa hana maziwa. Kijana alisema atakwenda mara moja na kurudi. Walimpata Jumatano, katika chumba cha kuhifadhia maiti cha jiji.

"Maziwa yalikuwa yangu," binti alisema.

"Ndiyo maana sikukwambia."

Alimaliza kuosha, akakausha mikono, akaketi karibu na babake. Hawakusema mengi. Baba wa watoto aliingia kuchukua maji, akawaona, akatoka bila kuyachukua.

Baadaye msichana alikuja akiwa na karatasi. Alikuwa amechora ndege mbili za kijivu, mlima wenye theluji nyeupe na mabomu meusi yakianguka katikati ya miti. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika picha hiyo. Babu alivaa miwani, akaitazama kwa makini na kumsifu.

"Lakini Babu," msichana akasema, "msituni si kuna ndovu?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamvuta mjukuu wake upande ule ambao sikio halikuwa likiuma.

"Hilo, mama," alisema, "miaka arobaini sijawahi kuuliza."